Hayupo Darasani, Yupo Barazani Kwangu

Asubuhi ile, kijijini kwetu Pemba, niliita majina ya darasa la tano na karibu nusu yake hayakuitikiwa. Oktoba ilikuwa imeshaingia, karafuu zimekomaa, na njia nzima ya kuja skuli ilikuwa inanukia. Kila jina lililokosa mwenyewe, mwenzake alilijibia. "Kenda karafuuni, mwalimu." "Kenda na mama yake." "Yeye na nduguye wote wamekwenda." Nikatia alama zangu kwenye daftari la mahudhurio, nikaanza hisabati na waliokuwepo.

Mmoja katika waliokosekana ni msichana anayekaa safu ya pili, upande wa dirisha. Nitamwita msichana wa dirishani. Jina lake ni lake, silitoi hapa.

Adhuhuri nikarejea nyumbani. Kabla sijafika uani nilisikia sauti za wanawake. Barazani kwetu walikuwa wamekaa wachambuaji, miguu wameinyoosha juu ya majamvi, marundo ya karafuu mbichi mbele yao, watoto wamejibanza katikati. Msichana wa dirishani alikuwa ubavuni kwa bibi yake. Vidole vyake vilikuwa vimeshageuka rangi, baina ya kijani na hudhurungi, rangi ambayo haitoki kwa sabuni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Akainama, akaendelea.

Nilivua buibui, nikajifunga kanga, nikakaa jamvi lile lile na kuvuta rundo langu. Daftari la mahudhurio lilikuwa ndani ya mkoba, nimeutundika msumarini pale mlangoni. Ndani yake mna alama inayosema mtoto huyu hayupo.

Tangu siku ile jambo hili halijaniacha.

Karafuu haina subira

Mume wangu ni mtu mpole, na katika mambo ya shamba ni mtu wa kweli. Nilipomgusia usiku ule hakupandisha sauti. Alisema tu: "Likishafunguka ua, hapana karafuu tena."

Anasema haki. Karafuu tunayoiuza ni tumba. Huchumwa pale linapoanza kupiga wekundu, kabla halijachanua, na matumba ya mti mmoja hayaivi siku moja, kwa hiyo mti huo huo hurudiwa na kurudiwa. Zikishateremshwa, kazi ya kuchambua haingoji kesho. Ukiziacha zimelundikana na makonyo yake, vile vijiti vyake, usiku kucha hushika joto, huvunda, na zikikauka hutoka na weupe-weupe ambao mtu wa kituo cha kununulia anauona kabla hujaweka gunia chini. Asubuhi zianikwe. Jua la siku nne, tano, na kila wingu likipita nyumba nzima inakimbia kuanua. Kilo tatu mbichi hukupa takriban kilo moja kavu. Mwisho wa yote, mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka: ukikupa msimu mkubwa, miaka inayofuata hupumzika. Mwenye shamba aliyejaaliwa mwaka mzuri hawezi kuiacha neema mitini kwa kukosa mikono.

Na mikono ndiyo inayokosekana. Ukichelewa kidogo kuwalipa wachumaji, au ukiwawekea masharti ambayo jirani yako hana, kesho wako kwa jirani.

Kuchambua kwenyewe kunaonekana rahisi mpaka ukae. Unashika kikonyo kizima kwa mkono mmoja, unakigandamiza kwenye kiganja cha mkono wa pili na kukizungusha, matumba yanamwagika mapajani na konyo linabaki. Konyo nalo halitupwi, lina wateja wake, mafuta yake hutolewa kiwandani Wawi. Msichana wa dirishani anafanya yote hayo bila kutazama. Macho yake yalikuwa kwa kifaranga kilichopanda juu ya jamvi, na mikono haikusimama.

Zamani giza lilikuwa linatuokoa. Mafuta ya taa yakiisha kibatarini, watu walikwenda kulala. Tangu mwaka 2010, ulipofika kwetu umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga, taa ya barazani inatuweka hadi saa tano usiku. Nimeushukuru umeme ule kwa mengi, kusahihisha madaftari likiwemo. Lakini nimeona pia watoto wakisinzia mbele ya karafuu chini ya taa yangu.

Siku moja, kazi mbili

Wageni hudhani mwalimu wa kijijini ni mtu wa skuli anayekaa shamba. Sisi tunaoishi hivi tunajua kwamba hakuna mstari baina ya hayo.

Naamka alfajiri. Baada ya sala nawasha moto, nachemsha chai na muhogo, au shelisheli ukiwa ni wakati wake. Mama mkwe wangu, ambaye sasa haoni vizuri, anataka maji ya moto na mtu wa kumsikiliza. Kama ni masika, kabla ya kwenda skuli napita bondeni nikaangalie mpunga, nitoe magugu mstari mmoja au miwili, kwa sababu ukisubiri siku ya mapumziko gugu limeshakupita urefu. Nanawa miguu kwenye mfereji, navaa viatu, naingia darasani. Mchana narudi kwenye jembe. Usiku madaftari.

Mpunga ni wa wanawake. Huku kwetu mwanamume anaweza kulima konde, anaweza kukusaidia kubeba, lakini kupanda, kupalilia, kuvuna kichwa kimoja kimoja kwa kisu, kupura na kupepeta ni sisi. Na mpunga ukishatia maziwa lazima mtu akaamie ndege tangu kunapambazuka. Mimi mwenyewe nimekua nikiamia ndege. Nilikuwa nikisimama kwenye dungu na kopo lenye mawe, napiga kelele mpaka sauti ikauke, kisha nateremka mbio kuwahi kengele.

Mpunga unavunwa Julai na Agosti. Karafuu zinaingia nyuma yake, wakati mwengine juu yake, na zikikolea ndio tunakaribia mitihani ya mwisho wa mwaka.

Kwa hiyo mwanamke wa kijijini hatoki bondeni akapumzika. Anatoka bondeni anaingia karafuuni. Nyumba yake inabaki tupu kutwa. Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu muda mrefu nilikuwa nikijieleza jambo la utoro wa msimu kwa fedha tu. Fedha ipo. Lakini nilipoanza kuwauliza mmoja mmoja, pale pale barazani, niliyasikia mengine. Mtoto wa miaka kumi aachwe na nani? Mdogo wake wa mgongoni atashikwa na nani wakati mama yuko tawini? Familia ikihamia kwenye kambi ya wachumaji, shehia nyengine kabisa, mtoto abaki kwa nani?

Mtoto anafuata mkono wa mama. Mkono wa mama umekwenda karafuuni.

Meza ya mbele

Kila mwaka tunaitisha mkutano wa wazazi kuhusu mahudhurio. Wazee na wanawake wanakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Sisi tunakaa meza ya mbele: walimu, wajumbe wa kamati, watu wa shehia. Maneno yanayosemwa kutoka meza ya mbele nayajua kwa moyo. Wazazi wa huku hawajali elimu. Wazazi wa huku wanapenda pesa ya leo. Wakati umebadilika, jamani, amkeni.

Mwaka huu, baada ya siku ile ya barazani, niliyasikiliza maneno hayo nikiwatazama wanaoyasema.

Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo nani katika meza ile ana mikarafuu. Nilipofika mwisho wa meza sikumkuta hata mmoja ambaye nyumba yake haina. Wengine wana eka tatu za wazee wao, zile zilizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi. Wengine wamekodi msimu huu. Wengine, kama mimi, wana ya urithi na ya mume. Kwenye madawati walikaa wanaopeleka watoto karafuuni. Mezani tulikaa tunaowapokea.

Hakuna hata mara moja niliyosikia mkutano ukimuuliza anayepokea.

Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Mama wa yule msichana ameshasemwa mbele za watu kwa kumpeleka mtoto. Mtoto mwenyewe ameshaandikwa daftarini. Mwenye shamba aliyempimia pishi saa tatu ya asubuhi, saa ambayo kila mtu anajua mtoto anatakiwa awe wapi, anakaa mbele akitikisa kichwa kwa masikitiko. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inakataza kumtumikisha mtoto kwa kazi ya kumdhuru, na sheria hiyo haimtazami mzazi peke yake. Lakini mikutanoni tunaisoma kwa kuielekeza kwenye madawati.

Sisemi kwamba wazazi hawana dhamana. Wanayo. Mwenye kumtoa mtoto darasani miezi mitatu mfululizo huku mwenyewe amekaa kijiweni, huyo nina neno naye, na nimeshamfuata zaidi ya mmoja hadi nyumbani. Nasema tu kwamba dhamana hii ina ncha mbili, na tumekuwa tukishika moja.

Bibi alivyoniambia

Bibi wa msichana wa dirishani ni mwanamke wa maneno machache. Niliwangojea wachambuaji wengine waondoke ndio nikamkalia karibu.

"Bibi, huyu mtoto anaelewa. Nisaidie arudi darasani."

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema: "Mwalimu, na mimi nataka arudi. Hizi anazochambua ndizo zitakazomrudisha."

Akanieleza. Baba wa mtoto yuko dago, kambi ya wavuvi, na bahari mwaka huu haikuwa na kitu. Ada skuli hakuna, hilo kila mtu anajua, elimu ilitangazwa bila malipo tangu Septemba 1964 na sisi wanawake wa Pemba ndio tuliofaidika nayo kuliko wote. Lakini viatu vina bei. Sare ina bei, na huyu wa darasa la tano ameshairefukia ya mwaka jana. Madaftari, kalamu, mkoba. Na nduguye mkubwa yuko sekondari mjini, nauli kila siku. Fedha hizo katika mwaka mzima zinaingia nyumbani kwao mara moja, nayo ni sasa. Januari watoto wakija skuli wamevaa vizuri, sisi walimu tunafurahi, hatuulizi viatu vimetoka wapi.

Nilipokuwa namsikiliza nilimkumbuka baba yangu. Nimesoma miaka ambayo bei ya karafuu ilikuwa imeanguka vibaya. Nakumbuka wazee wakisema Indonesia, waliokuwa wanunuzi wetu wakubwa, sasa wanalima za kwao na hawatutaki. Watu walikuwa wanaziacha mitini, maana ujira wa mchumaji ulikuwa unakaribia kula bei yote. Baba hakuziacha. Alichuma mwenyewe na sisi tukachambua, usiku, baada ya skuli na baada ya chuo cha Kurani. Kwa karafuu zile za bei mbaya nilipata sare, nikafika kidato cha nne, nikaenda kusomea ualimu Unguja. Ningemhukumu bibi huyu kwa maneno ya meza ya mbele ningekuwa namhukumu baba yangu.

Lakini baba hakunitoa darasani.

Tofauti hiyo niliishika, nikalala nayo. Baba alikuwa na mikarafuu yake, kwa hiyo saa za kazi alizipanga yeye. Bibi huyu hana hata mmoja. Anachuma ya watu, na saa zinapangwa na mwenye mti. Mwenye mti akipima asubuhi tu, bibi atakuja asubuhi na mjukuu wake. Mwenye mti akipima jioni, bibi ana hiari.

Hesabu ya vibaba

Siku nyengine nilikuwa barazani wakati wa kupima. Mume wangu anapima kwa pishi, kopo lile la siku zote, na kinachobaki chini ya pishi anakipima kwa kibaba, vinne kwa pishi moja. Bibi alikuwa amechukua fedha za mbele, na palikuwa na mkanganyiko kidogo.

Msichana wa dirishani akasema, bila ya kunyanyua uso: "Jana pishi kumi na mbili, leo tisa. Bibi kachukua za nane. Zimebaki za kumi na tatu."

Mume wangu akapiga hesabu yake kwenye simu. Kumi na tatu.

Nikamuuliza, "Na kama ungekuwa na vibaba ishirini na saba, pishi ngapi?"

"Sita na vibaba vitatu."

Nilimpa swali la aina hiyo hiyo mwezi wa Septemba, kugawanya kwa kubakisha, akanirudishia karatasi nyeupe. Nilidhani hakujua. Siku ile barazani nikaelewa kwamba alikuwa anajua kugawanya kwa nne vizuri kuliko watoto wengi wa darasa lile, ila hakuna aliyempa hesabu kwa kitu anachokijua. Tangu hapo kipindi changu cha hisabati kimeanza kuingia vibaba na pishi, kilo mbichi na kilo kavu, gunia na konyo. Tunagawanya kwa tatu kwa kukausha karafuu. Waliokuwa kimya wamefungua midomo.

Sitaki mtu anisome vibaya. Watu wawili niliowasimulia kisa hiki walinijibu kwa furaha kwamba basi karafuuni nako ni skuli. Sivyo. Mtoto yule hawezi kusoma aya nzima ya Kiswahili bila kukwama, na kwenye jamvi hakuna atakayemfundisha hilo. Sayansi ya darasa la tano anafundishwa kwa Kiingereza, naye msamiati wake wa Kiingereza ni maneno ya salamu. Kila wiki anayokosa, pengo hilo linapanuka, na hesabu ya pishi hailizibi.

Mikarafuu ya urithi wangu

Baba alipofariki tuligawana kwa sheria ya Mungu. Kaka zangu walipata fungu lao, mimi langu: mikarafuu michache iliyo upande wa chini, karibu na mnazi mrefu. Mume wangu huishughulikia pamoja na yake na fedha zake hunikabidhi mkononi, hajawahi kunipunja. Lakini ni mali yangu, na yeye ndiye wa mwanzo kulisema hilo.

Nilimwambia usiku mmoja, tumeshaanua, mama mkwe amelala.

"Kwenye yako sina neno. Kwenye yangu nina masharti."

"Yepi?"

"Mtoto wa skuli asipimiwe kitu kabla ya saa nane mchana. Asipande mti kabisa. Na saa mbili za usiku aende kulala."

Alinyamaza. Kisha akanipa hoja zake, na zilikuwa nzito. Kwamba mikarafuu yangu ni michache na haitabadilisha kitu. Kwamba mama zao watawapeleka asubuhi kwa jirani na jioni watakuja kwetu, mtoto atafanya kazi mara mbili badala ya moja. Kwamba wachambuaji wakipungua, karafuu zikivunda, hasara ni ya nani? Ile hoja ya mwisho aliisema polepole: "Na hao wanawake wenyewe umewauliza?"

Hoja ya mtoto kufanya kazi mara mbili ilinitia baridi. Sikuwa nimeiwaza. Mpaka leo sina jibu lake kamili, na ndiyo sababu nasema hili si jambo la mtu mmoja mwenye miti michache.

Nikawauliza wanawake. Wengine walifurahi. Mmoja aliniambia wazi kwamba mimi nina mshahara wa serikali mwisho wa mwezi ndiyo maana naona saa. Sikumjibu, kwa kuwa ni kweli kwamba mshahara huo, mdogo ulivyo, unanipa nafasi ya kufikiri ambayo yeye hana. Mwengine, mama wa watoto watano, alisema: "Tupimie jioni, mwalimu, sisi tutachambua jioni. Lakini asubuhi nani atanishikia huyu wa mgongoni?"

Swali hilo ndilo lililosogeza mambo. Mama mkwe wangu, ambaye nilidhani hasikii, alijibu kutoka ndani: "Waleteni kwangu. Macho sina, mikono ninayo." Sasa wadogo wanakaa naye uani, pamoja na binti mmoja aliyemaliza skuli na anayengoja majibu yake, ambaye tunampa chochote. Wakubwa wao wanakwenda darasani.

Haikwenda vizuri moja kwa moja. Siku ya mvua kubwa tulikosa mikono na karafuu za rundo zima ziliharibika. Mume wangu hakusema kitu, alizianika pembeni peke yake. Watoto wawili walitolewa wakapelekwa shamba la mbali ambako hakuna masharti. Msichana wa dirishani amekuja skuli siku nyingi, siku nyengine hakuja, na siku asizokuja bado naweka alama ile ile.

Saa za kupima

Mikarafuu ni mizee kuliko skuli zetu zote. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa ya Unguja na kuiacha sehemu kubwa ya Pemba imesimama, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kinachotoa karafuu nyingi kuliko ndugu yake. Harusi zetu, ujenzi wetu, madeni yetu na hija zetu vinafuata msimu wake. Bei ilipopandishwa mwaka 2011 na mkulima akaanza kulipwa sehemu kubwa ya kile soko la dunia linachotoa, nyumba za bati ziliota kijiji kizima. Hakuna mtu mwenye akili atakayemwambia Mpemba aache karafuu ziivie mtini. Mimi wa mwanzo siwezi, nazila.

Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana. Wenye mikarafuu wa shehia moja wakikubaliana saa ya kupima, hakuna atakayemkimbiza mchumaji kwa mwenziwe. Kama pishi ya mtoto haipimwi popote kabla ya saa nane, hakuna faida ya kumtoa darasani. Wanaume na vijana waliomaliza skuli wachume asubuhi, kama wanavyochuma sasa. Kuchambua kuanze alasiri, kama baba alivyokuwa akifanya nasi. Mtoto asipande mti, maana mikarafuu yetu ni mirefu na kila msimu tunapelekeana habari ya mtu aliyeanguka. Na pawepo mahali pa kuwaacha wadogo, hata kama ni uani kwa bibi mmoja kila mtaa.

Nililisema hili kwenye mkutano wa pili wa wazazi, nikiwa nimekaa kwenye dawati, upande wa wanawake. Meza ya mbele haikulipenda. Mzee mmoja aliuliza tangu lini walimu wanapanga kazi za mashamba ya watu. Nilimjibu kwa heshima kwamba nimesimama kama mwenye mikarafuu, na nikamtajia ilipo. Wanawake wa nyuma yangu walianza kuzungumza wote kwa pamoja, na safari hii walizungumza kuhusu saa, si kuhusu nani anajali na nani hajali.

Sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu, amekubali liwe jambo la mkutano wa shehia, Ijumaa hii baada ya sala. Wenye mikarafuu wote wameitwa, wa juu na wa bondeni, na waliokodi pia. Nimewaomba wachambuaji waje, na bibi wa msichana wa dirishani amesema atakuja akipata mtu wa kumwanulia. Mume wangu atakuwepo. Ameshaniambia kwamba kuhusu kupanda mti na kuhusu saa ya kulala yuko pamoja nami, na kwamba kuhusu saa nane atasimama na kupinga.